Taya la Ryan

Mbotela, Nairobi
10 Machi 1996

Mama mpendwa,

Natumaini barua hii itawakuta wewe na Baba mkiwa wazima, na kwamba lile goti limepunguza kukusumbua. Sisi huku tunasukuma siku. Kiwanda cha uzi pale Baba Dogo kimetupunguzia zamu, lakini sina haki ya kulia maana walioachishwa kabisa ni wengi. Ryan anakusalimu kukhu wake. Sauti yake imekuwa nzito ghafla, akiniita kutoka nje nadhani ni mgeni amebisha.

Nimeandika kwa ajili yake. Tangu Krismasi anazungumza habari za Agosti tu. Mwaka huu ni mwaka wa tohara kwenu, na wenzake wa hapa mtaani ambao pia ni wa kwenu wameshaanza kutafuta kengele za kuchezea ngoma ya tohara. Mwanao Wekulo, kabla hajafa, alimwambia: utasimama uani kwa babu yako, pale pale niliposimama mimi, na usipepese jicho. Mimi ni Mmaragoli, Mama, mila zenu za Kibukusu nimezijulia ukubwani. Hata hivyo najua kwamba mtoto wa kiume asiyetahiriwa kwa baba yake kwenu hana pa kusimama hata akiota mvi. Kwa hiyo naomba mtuambie tarehe, na tulete nini.

Yule daktari wa meno, Daktari Nthambi, ameniambia alifika huko pia kuwapima vichwa na mataya. Anataka ukoo mzima, kuanzia babu hadi mjukuu, na kwa vile mwanao ametutoka aliruka kutoka kwenu hadi kwa Ryan. Hapa alitupima sisi wawili, na jirani zetu Mumin na Shamis na watoto wao, kwa sababu anataka na Wasomali pia. Ana chuma chake kama koleo kubwa. Unakaa umeinua kidevu kama unayepigwa picha ya kitambulisho, naye anafinya huku na huku akitaja namba. Kisha anakutoa damu kidogo na kukupa kadi yenye kundi lako. Mimi ni O, Ryan ni A. Alifurahi kuwa sawa na babake, maana Wekulo aliwahi kutoa damu kiwandani akaambiwa ni A na kupewa beji, akaivaa mpaka ikaota kutu.

Msalimu Baba. Mwambie mjukuu wake yuko tayari.

Mimi, mke wa mwanao,
Muhonja


Karibu na Chwele, Bungoma
24 Machi 1996

Mkaza mwanangu,

Bwana asifiwe. Goti ni lile lile, ila mvua imekuja vizuri na mahindi yameota.

Ndiyo, daktari alikuja. Msichana mpole, anakula chochote anachopewa. Sisi nasi alitupa kadi, na mimi na Mzee tumekuwa kitu kimoja, wote O. Mzee amefurahi sana, anasema sasa anajua kwa nini tumekaa miaka yote hii bila kurushiana sufuria.

Nina neno jingine ambalo si tamu, na nimeona heri ulipate kutoka kwangu. Mzee alimuuliza daktari namba za Ryan. Naye daktari, sijui ni kwa wema au kwa ujinga, akamsomea. Unamjua baba yako mkwe. Amekula maisha yake yote kwa kununua na kuuza ng'ombe, na hajawahi kulipa ndama bila kwanza kumshika taya. Husema rangi hudanganya, pembe hudanganya, lakini taya humtaja fahali aliyemzaa. Basi akauliza namba za watu wa huku, akauliza na za Wasomali. Taya la Ryan likaonekana jembamba na uso mrefu, karibu na jirani zako kuliko sisi.

Tangu siku hiyo hali vizuri. Anasema hawezi kuzungumzia tohara kabla hajajua mtoto ni wa nani. Amekumbuka pia kwamba Ryan alikuwa akishinda kwa Shamis mchana kutwa, na kwamba anajua Kisomali.

Usijibu kwa hasira. Hasira hasara.

Ni mimi mama yako,
Kezia


Mbotela
5 Aprili 1996

Mama,

Umeniambia nisijibu kwa hasira. Nimengoja ipoe na haikupoa, basi ichukue ilivyo.

Ryan alishinda kwa Shamis kwa sababu mimi na babake tulikuwa kiwandani. Anajua Kisomali kwa sababu alicheza na watoto wanaokizungumza, kama vile anavyojua Kikamba cha kuombea embe. Mumin ndiye aliyetafuta gari la kuleta maiti ya mwanao nyumbani, akaja nalo mpaka huko Chwele, akakaa kwenye majani na viatu vyake mkononi. Baba alimshika mkono mbele ya watu wote akamshukuru. Leo mkono ule umekuwa wa mwizi?

Mimi si ndama, Mama. Na mwanangu hakuletwa sokoni.

Lakini tuache kelele. Kuna jambo dogo tu ambalo lingemaliza haya yote, na ni wewe wa kulisema. Ryan ana uso wa Wekulo. Ni ule ule mrefu, ni kile kile kidevu chembamba. Unakumbuka nilivyokusimulia, kwamba tukienda Eastleigh kununua vitambaa wenye maduka walikuwa wakimsalimu Wekulo Kisomali, naye anawajibu Kibukusu, na sote tunabaki kucheka? Wekulo hakupimwa kwa kuwa yuko kaburini, na Baba atasema kumbukumbu na picha si kipimo. Sawa. Ila wewe ulimzaa na ukamlea, uso wake unaujua kuliko mtu yeyote. Mwambie Baba neno moja tu: mtoto huyu ana uso wa babake. Wewe hatakubishia.

Ryan sijamwambia lolote. Amepata kengele zake kwa rafiki, anazing'arisha kwa majivu.

Muhonja


Chwele
28 Aprili 1996

Mkaza mwanangu,

Salamu katika jina la Bwana. Umeniomba nimwambie Mzee habari ya nyuso. Siwezi. Atasema natetea, na mzee akishakuona wewe ni wakili hakusikii tena. Halafu nyuso ni nyuso tu, kila mtu huona anachotaka kuona. Wekulo alifanana na kaka yangu aliyekufa vitani, wewe hukumjua. Mambo ya nani alifanana na nani yaache kabisa. Mwenye kufukua haambiwi atakutana na nini.

Mzee amekata shauri. Amesema Ryan asije Agosti. Ndugu zake walikuwepo na hakuna aliyempinga.

Siku hizi watoto wengi wa mjini hutahiriwa hospitali, kwa sindano, na hawafi. Fikiria hilo. Nakuombea kila Jumatano kwenye kikundi chetu cha akina mama.

Kezia


London
30 Mei 1996

Mama Ryan, hujambo?

Barua yako ilinifikia huku nilikokuja na sampuli zetu kwa ajili ya uchunguzi wa maabara. Imenikosesha raha. Nilifanya vibaya kumsomea mzee zile namba. Alikuwa akinionyesha fahali wake na kunieleza mataya yao, nikadhani tunaongea kama watu wawili wanaopenda kazi moja.

Nitakueleza kwa lugha nyepesi, nawe umweleze yeye. Tulichokuwa tunatafuta ni hiki: je, asili ya mtu, ile anayorithi katika damu kutoka kwa wazazi na wazee wa wazazi wake, inaonekana katika mifupa ya kichwa? Jibu ni ndiyo, lakini si kwa namna inayomsaidia mzee. Ukikusanya watu wengi wa upande huu na wengi wa upande ule, wastani wao hutofautiana kidogo. Fuvu lenyewe hufuata asili zaidi. Taya ni kigeugeu. Hufuata chakula, hufuata kutafuna, hufuata meno yaliyobaki na yaliyong'oka. Na watu wa kundi moja wanatofautiana wao kwa wao kuliko kundi linavyotofautiana na lingine. Nina Mbukusu wa Komarock mwenye uso mrefu kuliko Wasomali wote niliowapima. Nina Msomali wa Eastleigh ambaye chuma changu kingemtuma Bungoma bila kusita. Wastani ni wa kundi, na mtu mmoja haupaswi kumhukumu.

Taya la mzee ndilo siwezi hata kulilinganisha na la mtu. Meno yake ya mbele ya chini yaling'olewa ujanani, kama ilivyokuwa desturi ya wazee wenu. Jino likitoka mfupa wa pale husinyaa, kidevu kikatokeza. Hilo analoliita taya la ukoo wake kwa sehemu kubwa ni kazi ya mng'oa meno.

Mwishoni uliniuliza, kana kwamba ni jambo la kupitia tu, kama wazazi wawili wenye damu ya O wanaweza kuzaa mtoto wa A. Hawawezi. Vitabu vinataja visa vya nadra mno, mimi sijawahi kukutana na hata kimoja. Mama akiwa O na mtoto A, baba lazima awe na hiyo A. Sitakuuliza kwa nini umeuliza, na damu ya mtu mwingine siwezi kuizungumza nawe wala na mzee. Nakuomba tu ufikiri sana kabla ya kulibeba jibu hilo kwenda nalo popote.

Wako,
Nthambi


Mbotela
16 Juni 1996

Mama,

Daktari amenijibu. Habari ya mataya nitakuandikia siku nyingine, ingawa ungecheka ukijua taya la mumeo Lusweti lilitengenezwa na nani.

Leo nataka tujumlishe damu. Mimi O. Ryan A. Wekulo alikuwa A. Hapo mimi na mume wangu tumekaa sawasawa na mtoto wetu, hakuna pa kutia kidole. Sasa tupande juu. Baba O. Wewe O. Mwana wenu A.

Nimeigeuza hesabu hiyo kila upande, nikiwa kazini nikiwa nyumbani, na inakataa. Sikuulizi ni nani. Najua tu kwamba nyumba hii ya kanju, ya baraza la jiji, ninayolala ndiyo mliyoishi nyinyi kabla sijazaliwa, kwamba Baba alikuwa akienda Isiolo kutafuta ng'ombe akapotea huko msimu mzima, na kwamba mtaa huu haujawahi kukosa wafanyabiashara wa Kisomali. Sasa nakumbuka wale watu wa Eastleigh na salamu zao, na sicheki.

Dhambi yako ya ujana si kazi yangu. Ungekaa nayo mpaka kaburini na mimi ningekuja kukulilia. Kinachonichoma ni kwamba ulijua. Daktari alipozisoma zile namba, ulikuwa umekaa pale, ukajua uso ule umetoka wapi. Ukamwacha mume wako aninyooshee kidole mimi, halafu ukaniandikia nisikasirike. Unaniombea kila Jumatano! Mnaomba nini huko?

Kadi yangu na ya Ryan ninazo. Ya Wekulo, kumbukumbu ziko kiwandani. Zenu ziko kwenye kabati lako. Nikizileta zote mbele ya Baba na ndugu zake, nitaondoka pale mwanamke safi. Niambie kwa nini nisije.

Muhonja


Chwele
30 Juni 1996

Mkaza mwanangu,

Barua yako nimeisoma jikoni na nimeichoma hapo hapo. Mambo ya hesabu za damu mimi siyajui. Nitakwambia ninayoyajua.

Ukija na kadi zako, Mzee atamkana nani? Mimi ni mzee, nikifukuzwa leo nitakufa kesho, hasara ni ndogo. Atamkana Wekulo, na yeye amelala pale nyuma ya migomba. Atakayemkana Wekulo amemkana na Ryan. Wewe utarudi Nairobi na usafi wako, na mtoto wako hatakuwa na baba, wala babu, wala ua wa kusimama. Je, mtoto ataula usafi wako?

Ipo njia ya pili. Njoo mwezi wa Julai. Piga magoti mbele ya Mzee na ndugu zake, useme ulipotoka. Usimtaje mtu, useme tu ulipotoka. Kondoo atachinjwa utakaswe, na mambo yatakwisha. Ng'ombe za mahari yako zilitoka zizi hili zikafika kwenu zote, na kwetu mtoto aliyezaliwa baada ya ng'ombe ni wa mwenye ng'ombe, hata awe na taya la punda. Mzee mwenyewe aliwahi kuamua kesi ya jirani namna hiyo. Kinachomuuma si mtoto, ni kudhani anafanywa mjinga. Akiona unyenyekevu atalainika, na Ryan atatahiriwa hapa Agosti, mbele ya watu, kama mjukuu.

Mimi nitakuwa upande wako. Sitakubali mtu akutukane.

Kezia


Mbotela
9 Julai 1996

Mama,

Kumbe ng'ombe hufunika. Hukunifunulia hilo mapema.

Basi nikuulize swali la mwanamke asiyejua mila. Na wewe si ulitolewa ng'ombe? Baba hupenda kusimulia idadi yao akishapata busaa. Kama mtoto ni wa mwenye ng'ombe, Wekulo ni wa Lusweti vile vile, hata ungeungama leo kwenye ngazi za kanisa. Hatakanwa mtu. Kondoo ni huyo huyo mmoja. Piga magoti wewe.

Muhonja


Chwele
18 Julai 1996

Muhonja,

Nimekaa na mume mmoja tangu nikiwa msichana. Mimi ndiye mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu, nimewafunda wasichana wa kijiji hiki chote. Wewe ukishatakaswa utapanda basi, na Nairobi hakuna anayejali. Mimi nitaamka kesho yake niende mtoni na wanawake hao hao.

Na je, Mzee akikataa? Kwa mkaza mwana mila ni nyepesi, yeye humtazama kwa mbali. Mke wa mtu mwenyewe ni jambo lingine, na Mzee ana moyo mgumu kuliko unavyojua. Unataka tujaribu tuone? Tukishindwa, atakayesimama nje ya lango na kengele mkononi si mimi wala si wewe.

Agosti iko mlangoni. Chagua.

Kezia


Mbotela
8 Septemba 1996

Mama,

Nilifika salama. Nilitaka kukaa kimya lakini kuna mambo mawili ya lazima.

Kwanza, nilifanya ulivyosema, neno kwa neno. Ni Baba aliyeongeza lake. Aliponiuliza, "Ni yule Msomali?" nilikutazama wewe, nikidhani utasema kitu, maana tulikubaliana hakuna mtu atakayetajwa. Ulikuwa umejifunika uso kwa leso. Nikanyamaza, na wote wakahesabu kimya changu kuwa ndiyo. Halafu ukanikumbatia, ukalia, na wanawake wakakusifu kwa roho yako kubwa. Nilisikia mmoja akisema angetamani kuwa na mama mkwe kama wewe.

Habari zilinitangulia Nairobi. Walikuwepo watu wa Mbotela kwenye sherehe, na wana midomo. Shamis hanisemeshi. Kikombe changu cha unga alichokuwa amekiazima amekirudisha kwa kukiweka nje ya mlango. Mumin akinikuta njiani anavuka barabara. Nimejaribu kumweleza Shamis akaniambia, "Muhonja, ulikuwa na mdomo siku ile, mbona hukuutumia?" Nimewaponza watu ambao hawakunikosea kitu, na kwa hilo sina wa kumlaumu ila mimi na wewe.

Pili, Ryan. Alisimama vizuri, hata ukope haukucheza, na nilipiga vigelegele mpaka koo likauma. Hilo nililitaka na nimelipata. Ila amekaa kukauka kidonda muda wa kutosha sasa, na shule zimefunguliwa. Mpandishe basi Jumamosi, nitamngoja hapa mjini, kituo cha mabasi cha Machakos. Siku ile aliniaga bila kunitazama, nikadhani ni maumivu.

Muhonja


Chwele
29 Septemba 1996

Mama,

Salamu. Mimi niko poa, kidonda kimepona kabisa.

Nimeandika nikwambie sirudi huko tao, Nairobi. Kuka Lusweti ameniongelea na mwalimu mkuu wa shule ya hapa na nimeanza darasa. Kuka ananipeleka soko ya ng'ombe Jumamosi, ananifundisha kushika taya. Ni mtu mzuri ukimzoea.

Siku ile ulipiga magoti mimi nilikuwa nyuma ya jikoni. Nilisikia yote. Kwa hivyo usijaribu kuniambia ati watu wanaongea tu. Fathe alikuwa anafanya zamu mbili pale Baba Dogo ndio tukule, alafu wewe ukaenda na mtu wa mlango unaofuata, mtu nilikuwa namwita anko. Huku wananiita mjukuu wa Lusweti mbele ya kuka, akitoka wananiuliza nitanunua ngamia lini. Nilishapigana mara mingi. Usiku nikioga naangalia uso wangu kwa maji nauchukia.

Kukhu ndiye peke yake alisimama na mimi. Hajawahi kukusema vibaya. Ananiambia nikusamehe, ati wewe ni binadamu na mwanamke akiwa mpweke hukosa. Nimejaribu. Saa hii siwezi.

Macho ya kukhu yameharibika, ana mtoto wa jicho. Barua yako ya mwisho aliisoma mwenyewe kwa shida, sasa haoni maandishi tena. Barua zake mimi ndiye namsomea. Kwa hivyo usimwandikie vitu za kumsumbua, muandikie tu salamu. Ukituma nguo zangu weka na ile jaketi ya fathe ya kijani, uache kuivaa.

Ryan Wekulo


Mbotela
13 Oktoba 1996

Mama mpendwa,

Nimepata habari kwamba macho yamekuchoka, na kwamba siku hizi Ryan ndiye anayekusomea. Pole sana. Basi keti vizuri, usikie salamu zangu kwa sauti ya mjukuu wako.

Nguo zake nimezituma kwa mkono wa mtu wa kanisa, na jaketi ya kijani imo. Nimeifua. Kazini tupo. Huku hakuna mvua. Nakushukuru kwa kunilelea mtoto, na kwa kumfundisha kusamehe. Ameniandikia kwamba hujawahi kunisema vibaya, nami nimeamini.

Ryan, simama kidogo. Angalia kama kuka wako yuko karibu. Kama yuko, kunja barua hii uitie mfukoni, mwambie ni salamu tu, na umsomee kukhu atakapokuwa peke yake. Kama hayupo, endelea, na usome kwa sauti kama ulivyoanza.

Mimi sikulala na Mumin. Sikulala na mwanamume yeyote maishani mwangu isipokuwa Wekulo, na wewe ni mtoto wake, uso huo unaouchukia ni wake. Kama hujaamini, simama mbele ya picha yake iliyo sebuleni kwa babu yako. Nilipiga magoti nikajisingizia kwa sababu niliandikiwa kwamba bila hivyo hutasimama katika ua ule. Umeshasimama. Walikuona wote, na hakuna anayeweza kulirudisha hilo, kwa hiyo sina tena sababu ya kunyamaza mbele yako. Mbele ya kuka nitanyamaza mpaka nife, nawe unyamaze.

Aliyeniandikia niseme uongo ule si mtu wa mbali. Anajua kwamba mimi sina hatia, na alijua kabla yangu. Mimi sitakwambia alichokuwa akikilinda, maana ni chake. Inua macho umtazame, usimpigie kelele, ni mzee na ni damu yako. Muulize kwa nini, kisha ukae umngoje ajibu.

Mimi, mama yako,
Muhonja